Sukari ya asubuhi ya mama: hesabu inaona nini ambacho kipimo hakioni

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari mjini Makambako. Mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka 61 na uzito wa kilo 60, anaishi Tukuyu, na mwaka jana aligundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili. Mwalimu alimnunulia kipima sukari, na kwa wiki kadhaa mama amekuwa akijipima saa kumi na mbili asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni: 7.8, 7.6, 7.9, 7.8, zote kwa milimoli kwa lita. Usiku mmoja mama aliamua kulala bila kula, akitumaini kwamba asubuhi namba itashuka, lakini kulipokucha kipimo kikasoma 7.8 ileile. Mwalimu anauliza: "Sukari hiyo inatoka wapi ikiwa hakuna kilichoingia? Na nimesoma kwamba siku hizi wanasayansi hutumia modeli za kihisabati, yaani milinganyo inayoigiza hali halisi, kuelewa chembe hai. Je, milinganyo hiyo inaweza kutuambia jambo ambalo kipimo chenyewe hakisemi, au ni kazi ya wataalamu wa kompyuta isiyomfikia mgonjwa?"

Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na nampa pole mama. Sehemu ya kwanza ina jibu fupi: sukari ya asubuhi inatoka kwenye ini lake mwenyewe. Sehemu ya pili inahitaji nafasi zaidi, na naomba uvumilivu wako, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mtu aliyezoea milinganyo kama wewe anaweza kuuelewa ugonjwa wa mama yake vizuri kuliko anavyodhani.

Tuanze na kiasi chenyewe. Ninapofundisha jambo hili hapa Mbeya huwa naingia darasani na chupa tano za maji za lita moja moja, ndoo nyeupe na kijiko cha chai. Namimina chupa zote ndani ya ndoo, kwa kuwa mtu mzima ana takribani lita tano za damu, kisha nawauliza wanafunzi niweke vijiko vingapi vya sukari ili maji hayo yalingane na damu ya mtu mwenye afya. Wengi husema kumi, wengine ishirini. Tunakokotoa ubaoni: milimoli 5 kwa lita mara lita 5 ni milimoli 25, na moli moja (milimoli 1,000) ya glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu, ina gramu 180, hivyo jibu ni gramu 4.5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Nakitia, nakoroga, nawapa waonje, na hakuna anayeonja utamu. Ili kuifikia damu ya mama yako ya saa kumi na mbili asubuhi ninapaswa kuongeza gramu 2.5 tu, nusu kijiko, na bado hakuna anayeonja chochote. Nusu kijiko katika ndoo ndiyo tofauti iliyokufanya uandike.

Sasa linganisha kijiko hicho na matumizi. Ubongo peke yake hutumia takribani gramu 120 za glukosi kwa siku, ambazo ni gramu 5 kwa saa, usiku na mchana, tuwe macho au tumelala. Kama damu isingejazwa, sukari yote iliyomo ndani yake ingekwisha ndani ya saa moja. Na hata tukijumlisha ile iliyomo katika maji yanayozunguka chembe nje ya mishipa, tusingefika usiku wa manane. Hivyo usiku kucha ini hutoa sukari na kuimimina kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya aliyelala bila kula, kasi hiyo ni takribani miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kwa kilo 60 ni miligramu 120 kwa dakika, au gramu 7.2 kwa saa, na kwa saa kumi za usiku ni gramu 72. Kijiko kimoja kinachoonekana kwenye kipimo kimeshatoka na kuingizwa upya mara nyingi kabla jogoo wa kwanza hajawika.

Ini hupata sukari hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni akiba yake ya glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, ambayo kwa mtu aliyeshiba ni takribani gramu 100. Ya pili ni kuiunda upya kutokana na mabaki ya kazi za misuli, sehemu ya mafuta iitwayo gliseroli, na vijenzi vya protini. Mama aliporuka mlo wa jioni, ini halikusimamisha kazi. Lilipunguza kuchota akibani na likaongeza kuunda. Ndiyo maana namba haikutikisika. Kwa mtu mwenye afya, insulini kutoka kwenye kongosho huliambia ini lipunguze kutoa pale sukari inapotosha, lakini katika kisukari cha aina ya pili ini husikia amri hiyo kwa shida. Kulipopambazuka, homoni kama kotisoli, ambayo hupanda mwilini kuelekea asubuhi, ziliongeza msukumo wa kutoa. Kwa hiyo namwomba mama asijiadhibu tena kwa kulala na njaa, maana njaa hiyo hailifundishi ini chochote.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kuwa na la kusema. Kipima sukari husoma kiwango, lakini ugonjwa umo kwenye mtiririko, na mambo hayo mawili si kitu kimoja. Watu wa Iringa watanielewa haraka nikitaja bwawa la Mtera. Ukisimama kandokando ya bwawa na kuona maji yamefika alama fulani, hujui bado kama mto Ruaha Mkuu unaleta maji mengi na mitambo inatumia mengi, au mto umedhoofika na milango imefungwa. Alama ni ileile, hali ni mbili tofauti kabisa, na hatua ya kuchukua haifanani. Ili ujue, lazima uandike mlinganyo wa maji yanayoingia na yanayotoka.

Kwa sukari, mlinganyo wa kwanza kabisa ni huu: badiliko la sukari kwa dakika ni kinachoingia ukitoa kinachotoka. Asubuhi kabla ya kula, kiwango kinapokaribia kutulia, badiliko ni sifuri, hivyo kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Kinachotoka nacho hutegemea kiwango chenyewe: tunaweza kukiandika kama kasi ya usafishaji, yaani ujazo unaosafishwa sukari kwa dakika, mara kiwango. Mtu mwenye afya ana milimoli 5 kwa lita, ambazo ni miligramu 0.9 kwa mililita. Gawanya miligramu 120 kwa 0.9, unapata usafishaji wa takribani mililita 133 kwa dakika. Kwa mama, 7.8 ni miligramu 1.4 kwa mililita. Namba hiyo moja inaweza kufikiwa kwa njia nyingi. Huenda tishu zake zinasafisha vizuri kama za mwenye afya, mililita 133, lakini ini linatoa miligramu 187 badala ya 120. Huenda ini linatoa 120 zilezile, lakini usafishaji umeshuka hadi mililita 85. Au, na hii ndiyo hali ya wagonjwa wengi, ni kidogo cha huku na kidogo cha kule. Angalia hali ya pili kwa makini, kwa sababu huwashangaza hata wanafunzi wangu wa shahada: sukari inayopita mwilini kwa saa ni sawasawa na ya mtu mwenye afya, ila kiwango kimepanda ili kuisukuma ipite kwenye mlango uliobana. Kipimo kimoja, kirudiwe hata mara mia, hakiwezi kutenganisha hali hizo, kwa sababu ni mlinganyo mmoja wenye vitu viwili visivyojulikana, jambo ambalo wewe huwaambia wanafunzi wako kila mwaka.

Namna ya kutoka kwenye mkwamo huo ni kuusukuma mfumo kidogo na kutazama unavyorudi. Mwaka 1979 Richard Bergman na wenzake huko Marekani, pamoja na Mwitaliano Claudio Cobelli, walichapisha kile kinachojulikana kama modeli ndogo ya sukari na insulini. Waliingiza glukosi kwenye mshipa, wakachukua damu mara nyingi, kisha wakatafuta milinganyo michache kadiri iwezekanavyo ambayo ingeweza kuchora mkunjo ule ule wa sukari inayoshuka. Uzuri wa kazi yao ni kwamba walikataa milinganyo ya ziada: kila kipengele ambacho vipimo visingeweza kukithibitisha walikiacha nje. Kutokana na hiyo walipata namba ya jinsi mwili unavyoitikia insulini, ambayo hakuna chombo kinachoweza kuisoma moja kwa moja kutoka kwenye tone la damu. Mwaka 1985 kundi la Oxford, Uingereza, lilitoa njia rahisi zaidi inayotumia damu ya asubuhi peke yake: zidisha insulini, kwa maikroyuniti kwa mililita, na glukosi, kwa milimoli kwa lita, kisha gawanya kwa 22.5. Fikiria majirani wawili wa Uyole, wote wana sukari 5.0 asubuhi na wote wameambiwa wako salama. Mmoja ana insulini 4.5, jibu lake ni 1. Mwingine ana 18, jibu lake ni 4. Kiwango cha sukari ni kimoja, lakini kongosho la wa pili linafanya kazi mara nne kukishikilia hapo, na linaweza kufanya hivyo kwa miaka kabla halijachoka na namba kuanza kupanda. Ninapofikiria ni watu wangapi wanaoambiwa "sukari yako iko sawa" wakiwa katika hali ya jirani huyo wa pili, naona uzito wa kazi hii.

Nimeongelea mwili mzima. Tuingie sasa ndani ya chembe, kwani swali lako lilikuwa huko. Umetaboli, yaani shughuli zote za kikemikali zinazovunja chakula, kutoa nishati na kujenga sehemu za mwili, huendeshwa na vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha badiliko moja moja. Mwaka 1913 Leonor Michaelis na Maud Menten, wakiwa Berlin, waliandika mlinganyo ambao bado ndio mkate wetu wa kila siku: kasi ya kimeng'enya ni kasi yake ya juu kabisa mara kiwango cha malighafi, gawanya kwa jumla ya kiwango hicho na namba moja ya kudumu. Namba hiyo ni kiwango kinachokifanya kimeng'enya kifikie nusu ya kasi yake. Mashine ya kusaga ya kijijini inaonyesha maana yake. Wakija watu wawili na madebe yao, unga unaotoka kwa saa hutegemea watu waliokuja; foleni ikifika barabarani, kuongezeka kwa watu hakuongezi unga hata kilo moja, kwa maana mashine imeshafika mwisho wa uwezo wake.

Mlinganyo huu unaeleza jambo la ajabu. Chembe za ubongo na chembe za ini zote huanza kuishughulikia glukosi kwa hatua ileile ya kikemikali, ila kwa vimeng'enya viwili tofauti. Heksokinasi ya ubongo hufikia nusu ya kasi yake kwenye kiwango kisichozidi milimoli 0.1 kwa lita. Tukipuuza kwamba glukosi ndani ya chembe ni pungufu kuliko ya damu, weka 5 kwenye mlinganyo utapata asilimia 98 ya kasi ya juu; weka 10 utapata asilimia 99. Ubongo umejihakikishia riziki yake, damu iwe na sukari nyingi au ya wastani. Glukokinasi ya ini hufikia nusu kwenye takribani milimoli 8, kwa hiyo kwenye 5 inakwenda kwa asilimia 38 na kwenye 10 kwa asilimia 56. Kwa kweli mchoro wa glukokinasi umepinda kama herufi S, hivyo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba ini huchukua zaidi pale sukari inapozidi na huwaachia wengine inapopungua, na kongosho nalo hutumia glukokinasi hiyohiyo kuhisi kiasi cha sukari ili lijue wakati wa kutoa insulini.

Kuna watu waliozaliwa na nakala moja mbovu ya jeni ya glukokinasi. Kongosho lao huhisi sukari kwa kuchelewa, na mizani yao yote imehamia juu kidogo, hivyo asubuhi husoma kati ya 5.5 na 8 tangu utotoni hadi uzee. Wengi wao hawapati madhara ya kisukari na hawahitaji dawa. Mwenye 7.3 ya namna hiyo na mwenye 7.3 ya kisukari cha aina ya pili wanaonekana pacha kwenye kipimo, lakini mmoja amesimama mahali pake na mwingine yumo njiani akiteremka. Sisemi kwamba mama yako ni wa kundi la kwanza. Hali hiyo si ya kawaida, na yeye alianza kupanda ukubwani. Naitaja kwa sababu inaonyesha tena kwamba namba ya asubuhi haijajieleza mpaka uijue mizani iliyoitoa.

Mfano wa glukokinasi unaweza kumpotosha mtu akadhani kila kimeng'enya kikipungua nusu, mtu huugua. Sivyo. Mwaka 1973 Henrik Kacser na Jim Burns huko Edinburgh, na mwaka uliofuata Reinhart Heinrich na Tom Rapoport nchini Ujerumani, walionyesha kwa hesabu kwamba katika mnyororo wa vimeng'enya udhibiti wa mtiririko umegawanyika. Mara nyingi hakuna kimeng'enya kimoja chenye usemi wote. Ukikipunguza kimoja kwa nusu, malighafi yake hurundikana kidogo, ikakisukuma kwenda kasi zaidi, na mtiririko wa mwisho ukapungua kwa asilimia chache tu. Hii ndiyo sababu magonjwa mengi ya kurithi ya vimeng'enya humpata mtoto aliyepewa nakala mbovu na wazazi wote wawili, ilhali mzazi mwenye nakala moja mbovu hutembea akiwa mzima bila kujua. Kabla ya hesabu hiyo, wataalamu walitafuta "hatua moja inayozuia" katika kila njia ya kikemikali, na dawa zilitengenezwa kuilenga. Nafikiri ni moja kati ya masahihisho muhimu sana ambayo hisabati imewahi kuifanyia biolojia, na inanisikitisha kwamba vitabu vingi vya shule bado vinafundisha dhana ya zamani.

Kuhusu chembe nzima, kazi imekuwa kubwa mno. Ramani ya umetaboli wa binadamu iitwayo Recon3D, iliyochapishwa mwaka 2018, ina mabadiliko ya kikemikali 13,543, na imeunganishwa na jeni 3,288. Hakuna anayejua kasi ya kila kimeng'enya kati ya hivyo, na hapo ndipo wewe kama mwalimu utafurahi, kwa sababu njia inayotumika ni ileile unayofundisha pale mkulima wa Njombe anapopewa ekari kadhaa, mifuko kadhaa ya mbolea, na kuulizwa apande viazi vingapi na mahindi mangapi ili apate faida kubwa. Kila kemikali ndani ya chembe lazima iingie kwa kiasi kinachotoka. Hiyo ni milinganyo. Kila njia ina ukomo wake. Hizo ni kutokuwa sawa, zile tunazozichora kama mistari na kutia kivuli. Kisha unauliza ni mtiririko upi ndani ya eneo hilo unaoipa chembe nishati nyingi, au kukua haraka, na kompyuta inatafuta kona. Tofauti ni kwamba grafu yako ina pande mbili na hii ina maelfu. Bernhard Palsson wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ni mmoja wa walioikuza sana njia hii. Mwaka 2007 zilichapishwa ramani za namna hii za bakteria wa kifua kikuu, ili kuuliza kwenye kompyuta ni kimeng'enya gani ukikifunga bakteria hashindwi kukua tu bali hana njia ya pembeni ya kupitia, swali linalotuhusu moja kwa moja hapa Mbeya, ambako utafiti wa kifua kikuu umefanyika kwa miaka mingi.

Uliuliza kama haya humfikia mgonjwa. Yanamfikia. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikubali modeli iliyotengenezwa na vyuo vikuu vya Virginia na Padova, yenye wagonjwa 300 wa kwenye kompyuta wa kisukari cha aina ya kwanza, itumike badala ya majaribio ya wanyama katika kupima programu za pampu za insulini. Pampu zinazojirekebisha zenyewe, ambazo leo watoto wengi wa nchi tajiri wanalala nazo, zilipita kwanza kwa wagonjwa hao wa hesabu. Natamani zifike kwetu, na bei yake ndiyo kikwazo.

Kuna jambo jingine ambalo si la pampu wala gharama, na naliandika kwa ajili ya ndugu wa mama pia. Wanywaji wa ulanzi na komoni wenye kisukari wanapaswa kulijua. Ini linapoivunja pombe hutumia kibeba-elektroni kiitwacho NAD kwa wingi, na kibebaji hichohicho kinahitajika kuunda sukari mpya. Kimeng'enya cha pombe hujaa haraka, kama ile mashine yenye foleni, kwa hiyo pombe huondoka kwa kasi ileile saa baada ya saa, na kwa muda wote huo uundaji wa sukari umebanwa. Aliyekula vizuri atavumilia kwa akiba ya glikojeni. Aliyekunywa tangu mchana bila kula, akiba imekwisha, na akiwa anatumia insulini au glibenklamidi, dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini, sukari inaweza kuporomoka usiku wa manane, naye akaonekana amelewa tu kumbe anazimika. Modeli ya mtiririko inalionyesha hili waziwazi: mkono wa kuingiza umefungwa na mkono wa kutoa umefunguliwa. Familia ikimkuta mtu wa namna hiyo hajielewi isimwache "alale pombe ziishe". Apimwe sukari mara moja na akimbizwe hospitali.

Modeli nazo hukosea, na hukosea pale dhana yake moja inapovunjika. Huenda kliniki imempa mama kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Ukizidisha asilimia hiyo kwa 1.59 na kutoa 2.59 unapata wastani kwa milimoli. Asilimia 7 ni kama 8.5. Lakini mlinganyo huo umejengwa juu ya dhana kwamba chembe nyekundu za damu zinaishi takribani siku 120. Mgonjwa wa selimundu, mtu aliyetoka kuugua malaria kali huko Kyela, au aliyeongezewa damu, ana chembe changa ambazo hazijakaa kwenye sukari muda wa kutosha, na jibu litakuwa la chini kuliko hali halisi. Mwenye upungufu wa madini ya chuma anaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Mtaalamu akisahau dhana hiyo, namba itamdanganya kwa usahihi wa nukta mbili.

Uzito pia unafuata kanuni ya mtiririko, na kwa kuwa mama anaishi Tukuyu, wilayani Rungwe, penye mashamba ya chai nitaligusa kwa kikombe. Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walionyesha mwaka 2011 kwamba badiliko la kilojuli 100 kwa siku, likidumu, hatimaye hubadilisha uzito wa mtu mzima kwa takribani kilo 1, nusu yake ndani ya mwaka mmoja na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Kijiko cha sukari ni takribani kilojuli 85. Vikombe vitatu kwa siku vyenye vijiko viwili viwili ni zaidi ya kilojuli 500, hizo ni kilo 5 polepole, kama vitu vingine vyote havikubadilika. Haya nayasema kwa anayehitaji kupungua. Kwa mama mwenye kilo 60 sijui urefu wake, hivyo hilo liamuliwe kliniki. Sukari ya kwenye chai ana sababu nyingine ya kuiacha.

Turudi Tukuyu. Kipima sukari cha nyumbani ukikitumia mara moja kwa siku kinakupa nukta. Ukikitumia mara mbili katika usiku mmoja kinakupa mteremko, na mteremko ndio mtiririko unaoanza kuonekana. Mwombe mama, kwa usiku mitatu isiyofuatana, ale chakula chake cha kawaida saa moja jioni, ajipime saa nne usiku anapokwenda kulala, kisha saa kumi na mbili asubuhi. Akilala na 11 na kuamka na 7.8, ini na tishu zinajitahidi usiku, na tatizo kubwa liko kwenye chakula cha jioni: kiasi cha ugali, ndizi au wali, na saa ya kula. Akilala na 7 na kuamka na 7.8, chakula cha jioni hakina kosa kubwa. Ini ndilo linalotoa kupita kiasi kuelekea alfajiri, na hapo daktari anaweza kufikiria upya dozi ya metformini, dawa ambayo kazi yake kubwa ni kulipunguzia ini kasi ya kutoa sukari. Kama anatumia insulini au glibenklamidi, ajipime sukari pia saa tisa usiku, na ikisoma chini ya 4 anywe chai yenye sukari papo hapo na aende kliniki asubuhi hiyohiyo.

Andikeni kwenye daftari safu nne: tarehe, alichokula na saa, kipimo cha usiku, kipimo cha asubuhi. Mama asibadilishe dawa yoyote kwa hesabu zetu. Aende na daftari hilo siku ya kliniki, alifungue mbele ya daktari kabla hajaulizwa chochote, na kama wewe utakuwa likizoni, mwalimu, msindikize.